Oksimita yasema 84, mama asema hajambo: nimwamini nani?

Binti_Kisauni

Asalaam aleikum wadau. Naomba wenye ujuzi mnisaidie, kichwa changu kishajaa.

Mamangu ana miaka 67. Mwezi uliopita alilazwa siku 6 kwa nimonia, akarudi nyumbani dhaifu ila anakula na maneno anayo. Daktari alituambia tununue kile kimashine cha kubana kidole, oksimita, kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, tumpime asubuhi na jioni, na akishuka chini ya 92 tumrudishe. Nikanunua mjini. Wiki mbili za kwanza mambo shwari: 95, 96, siku nyingine 97.

Alhamisi usiku nikampima: 84. Nikatoa, nikarudisha: 86. Mara ya tatu vistari viwili tu. Miguu iliniisha nguvu. Mama mwenyewe kaketi kitandani aniuliza kama unga wa mahamri umeshaumuka. Sikumsikiza, nikaita tuktuk saa tano usiku hadi zahanati. Nesi akamwangalia mikono, akatabasamu, hakusema kitu, akambana kidole cha mguu kwa mashine yao. 95. "Mrudishe alale."

Tangu siku hiyo kaka yangu ananicheka, ati nimeuziwa kidude cha kuchezea watoto. Dada yetu aliyeolewa Eldoret naye hupiga simu kila jioni kuuliza namba, na mashine yake mwenyewe, yeye mzima kabisa, yamsomea 94! Jana asubuhi mama alikuwa 85, jioni 93. Sasa nikiona namba ndogo siamini, na naogopa siku itakayokuwa kweli nitaipuuza. Nitupe hii ninunue nyingine?

Mzee_wa_Kongowea

Ibane kwenye kalamu. Ikitoa namba, hiyo ni feki, tupa.

Fundi_Mwembe_Tayari

Mzee, hiyo ya kalamu nimeisikia sana, lakini hata nzima huweza kutoa namba mkono ukitikisika. Kipimo kizuri zaidi ni mapigo. Mashine hutoa namba mbili, ya oksijeni na ya mapigo ya moyo. Mshike mama mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima kwa saa. Ukipata 80 na mashine yasema 80, angalau yausikia mshipa. Yasema 130 au inarukaruka, hata ile ya oksijeni usiitazame.

Nifafanue kidogo maana mimi vitu hivi navifungua. Upande mmoja wa kibanio pana taa mbili ndogo. Moja nyekundu, waiona. Ya pili ni ya infraredi, jicho haliioni, ni ndugu wa ile ya rimoti ya televisheni. Upande wa pili pana kijicho kinachopokea mwanga uliopenya kidole. Damu iliyoshiba oksijeni huiachia nyekundu ipite na kumeza infraredi zaidi. Iliyopungukiwa hufanya kinyume. Taa huwaka kwa zamu, haraka mno, na mashine hushika ile sehemu tu ya mwanga inayopandashuka pamoja na mshipa. Nyama, mfupa na ngozi havipigi, basi huviondoa hesabuni. Ujanja huo ni wa Mjapani mmoja mhandisi, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Halafu hulinganisha uwiano wa zile taa mbili na jedwali lililotengenezwa kwa kupima watu wazima wa afya waliokubali kupumua hewa yenye oksijeni kidogo. Kwa hivyo haioni oksijeni yenyewe, yakisia kwa mwanga.

Na betri, dada. Badilisha kwanza betri.

Nesi_wa_Zamu

Binti, pole. Kabla hujatupa kitu, nijibu: hiyo Alhamisi mama alikuwa amepaka chochote kwenye kucha? Yule mwenzangu hakutabasamu bure.

Na la Eldoret lisikutie wasiwasi. Mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa nyepesi, 94 kwa mtu mzima huko si ajabu. Sisi hapa Mombasa tuko usawa wa maji, twategemea 95 kwenda juu. Msilinganishe namba zenu kwenye simu.

Binti_Kisauni

YA RABI. Jumatano ilikuwa hina ya mpwa wangu! Mama alipakwa hina mikono yote na ncha za vidole piko, ile rangi nyeusi ti, hadi kwenye kucha. Nilikuwa namwona nayo wakati nambana kidole na halikunijia kabisa. Hiyo 93 ya jana nilitumia kidole kidogo cha kushoto, pale piko ilifutika alipokuwa akiosha vyombo, ambavyo alikatazwa kuosha.

Umi_wa_Majengo

😂😂 Mimi nilipokwenda kufanyiwa upasuaji wa uzazi nilitolewa rangi ya kucha mlangoni. Nilidhani ni ushamba wao, kumbe.

Kijana_Tudor

Fundi, hapo sijakuelewa. Kama ngozi na ukucha vyaondolewa hesabuni, piko yasumbuaje?

Fundi_Mwembe_Tayari

Swali la maana. Hesabu hufanywa kwa mwanga uliobaki. Pazia likiwa zito, kinachofika kwenye kijicho ni kidogo mno, na yale mapigo yanazama ndani ya makelele ya umeme na mtikisiko. Makelele hayo huingia sawasawa kwa taa zote mbili. Sasa taa mbili zikileta kiasi kimoja, uwiano wake ni moja, na kwenye lile jedwali uwiano wa moja unaangukia karibu na 85. Mtazame mama yake Binti: 84, 86, 85. Mashine haikuwa na habari, ikawa yatupa namba ya huo uwiano wa moja.

Nesi_wa_Zamu

Fundi kaeleza vizuri ila naomba mtu asitoke hapa akisema "85 ni uongo wa mashine." Pana watu ambao 85 yao ni kweli na hawana saa nyingi. Ukiiona, badilisha kidole haraka, na umtazame mtu mwenyewe. Mhesabie pumzi dakika nzima bila kumwambia, maana akijua hubadilisha: mtu mzima akipumzika huvuta kama 12 hadi 20. Zikifika 30, au hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, au kachanganyikiwa, au ana usingizi usio wa kawaida, au midomo na ulimi kwa ndani vimegeuka rangi ya majivu, nenda hospitali, mashine hata iseme 97. Binti, mama aliyeuliza habari za mahamri kwa sentensi nzima alikuwa amekupa jibu.

Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana. Nyeusi ndiyo mbaya. Kubana ukucha wenye piko, geuza kibanio ubavu ili mwanga upite kutoka upande hadi upande wa kidole, usipite kwenye ukucha. Mkono uwe na joto, aupumzishe juu ya mto, asitikisike, usimpime mbele ya dirisha lenye jua, na usisome namba ya kwanza. Ngoja itulie, hata dakika nzima.

Ami_Likoni

Nesi, na ile ya juu yaweza kudanganya? Maana sisi twaogopa ya chini tu. Nauliza kwa sababu mwaka juzi msimu wa mvua watoto wa jirani waliingiza seredani, jiko la makaa, chumbani, madirisha wamefunga. Mkubwa alianguka kichwa chamuuma, anatapika. Mtu akaja na hiyo oksimita, 98. Tukasema basi ni malaria. Lau si babake kumtoa nje kwanza sijui.

Nesi_wa_Zamu

Ami, alhamdulillah kwamba alitolewa. Moshi wa makaa una gesi ya kaboni monoksidi, huing'ang'ania damu pale pale oksijeni inapokaa, na kwa taa zile mbili damu hiyo yaonekana kama iliyoshiba. Mtu anakata roho na mashine yasoma 98. Kwa mtu aliyevuta moshi usiitumie kabisa. Hewa safi, kisha hospitali, wana kipimo cha damu.

Upungufu wa damu nao, wenye siko seli (selimundu) mnasikia? Oksimita husema chembe nyekundu za damu ulizonazo zimebeba oksijeni kwa asilimia ngapi. Haisemi unazo ngapi. Matatu mbili zilizojaa ni asilimia 100, lakini abiria wa Kisauni wote hawatafika.

Na jingine linalonikera kwa sababu ni letu sisi. Yale majedwali mengi yalitengenezwa kwa watu wengi wao wa ngozi nyeupe. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha oksimita na kipimo cha damu ya mshipa, wakaona kwa wagonjwa weusi mashine ilikosa kuonyesha upungufu karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Yaani inasema 93 na mtu yuko chini ya 88. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya huko ikatoa tahadhari. Ndiyo maana huwaambia watu waangalie mwendo: mama yako kawaida yake ni 96, akiwa 92 siku mbili mfululizo kwenye kidole safi, usingoje ishuke zaidi. Mpigie daktari wenu na umwambie yeye pia habari ya ngozi, aseme kama hiyo 92 yake aisogeze.

Mzee_wa_Kongowea

Mimi nimefuta ya kalamu. Kichwani.

Binti_Kisauni

Wadau, mrejesho. Nimebadilisha betri na nimempima leo baada ya alasiri, mkono juu ya mto. Kidole cha shahada kwa juu, kwenye piko: 86, halafu vistari. Kidole hicho hicho nikageuza kibanio ubavu: kikatafuta kwa muda, 94, 95, kikatulia 96. Mapigo 82, nami kwa saa ya ukutani nimehesabu 81. Pumzi 18, nilimhesabia akitazama taarifa ya habari. Kaka nimemwita aone, amenyamaza.

Daktari nimempigia. Amesema tubaki na 92, ila ikifika 93 kwenye kidole safi tumpigie, na Jumatatu tumpeleke asikilize mapafu.

Piko mama amekataa kukwangua, harusi nyingine ni mwezi ujao upande wa mumewe mpwa. Tumepatana kidole cha kati cha kushoto kisiguswe. Amekiweka wakfu, ndivyo anavyowaambia wageni.