Guangzhou au Shenzhen: usiku sita na mama, mizigo tuiweke wapi?

Mwana_wa_Kariakoo (Dar es Salaam)

Wanajamvi, ninaomba ushauri wa wale waliokwishafika kusini mwa China. Mama yangu ana miaka 64, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliuza vitenge Kariakoo ambavyo vilitoka Guangzhou kupitia mikono ya watu wengine. Sasa amefunga duka na anataka kuuona mji huo kwa macho yake, kama mtalii, bila kuhesabu marobota. Tuna usiku sita katikati ya mwezi Oktoba, nami nimebakiwa na njia tatu: kukaa Guangzhou siku zote, kukaa Shenzhen ambayo wengi wanaisifu kwa usafi na upya wake, au kugawa usiku tatu kwa tatu. Mama anaswali swala zote tano, hali nguruwe, na magoti yake hayapatani na ngazi. Ninyi mngepanga vipi?

Kusi_na_Kaskazi (Mombasa)

Nilisoma Guangzhou kwa miaka minne, kwa hiyo mapenzi yangu yako wapi utayaona mapema. Kwa ukubwa miji hiyo miwili imekaribiana, maana katika sensa ya mwaka 2020 Guangzhou ilikuwa na zaidi ya watu milioni 18 na Shenzhen zaidi ya milioni 17. Kinachoitenganisha ni umri. Guangzhou ni bandari ya zaidi ya miaka elfu mbili, ambapo Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, maana yake mama yako aliizidi umri kwa miaka mingi.

Kwa mtu anayeswali, ningeanzia Msikiti wa Huaisheng, ulio katikati ya mji wa kale. Mapokeo ya Waislamu wa huko yanaunasibisha na Swahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi hawaukubali mwaka unaotajwa, lakini hakuna anayebisha kwamba ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China. Mnara wake ni wa mviringo, umepakwa rangi nyeupe, una urefu wa mita 36 hivi, na hauna nakshi yoyote ya Kichina. Wenyeji wanauita Mnara wa Nuru, na husimuliwa kwamba zamani ulikuwa ukiwaongoza mabaharia, kabla mto haujasogea mbali. Mimi niliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa nilisimama chini yake nikahisi kwamba wajenzi wake na wazee wetu walizisubiri pepo zilezile.

Baada ya hapo mpeleke Shamian, kisiwa kidogo walichokaa Waingereza na Wafaransa tangu karne ya 19. Njia zake ni tambarare, magari ni machache, na mikuyu yake mikubwa imeteremsha mizizi ya hewani hadi usawa wa kichwa. Ukumbi wa ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894, nao haumtaki mtu mwenye haraka: inua macho utazame mgongo wa paa, ambako kuna safu za watu, majoka na maua ya udongo wa kuchoma, kila kimoja na sura yake. Kule juu ya Mnara wa Canton wenye mita 600 unapanda kwa lifti, hivyo magoti yatapona.

Fundi_Simu (Nairobi)

Ndugu yangu wa Mombasa amezungumza kana kwamba Shenzhen ni ghala la simu tu, na hapo siafikiani naye. Ni kweli kwamba mimi hupelekwa huko na Huaqiangbei, mtaa wenye majumba ya vifaa vya umeme ambamo muuzaji mmoja huuza skrubu peke yake na jirani yake huuza vioo peke yake. Hata hivyo, kwa mtu mzima anayetaka kupumzika, mji ule una nafasi. Bustani ya Ghuba ya Shenzhen imefuata ukingo wa bahari kwa zaidi ya kilomita kumi, ni tambarare mwanzo hadi mwisho, ina mikoko, na ng'ambo ya maji unaiona Hong Kong. Mabasi yote ya umma yamekuwa ya umeme tangu mwaka 2017, kwa hiyo unaweza kukaa kituoni ukazungumza bila kupandisha sauti. Kuna pia kijiji cha Dafen, ambako wachoraji wa rangi za mafuta hufanya kazi vichochoroni na kuuza hapohapo.

Jambo jingine ni lugha. Wakazi wengi wa Shenzhen ni wahamiaji kutoka majimbo mengine, hivyo wanazungumza Kichina cha taifa, na yale maneno machache utakayojifunza kabla ya safari yatakufaa. Guangzhou wazee wengi wanazungumza Kikantoni, na hapo maneno yako hayo machache yanaweza yasifike mbali.

Kusi_na_Kaskazi (Mombasa)

Kuhusu ghuba nimekubali. Nimetembea pale jua likizama na sina la kupinga. Ninachomwomba mwenye mada ni asishawishiwe kwenda kwenye ile bustani maarufu ya Shenzhen yenye Mnara wa Eiffel na mapiramidi ya kuigiza. Kumtoa mzazi Dar es Salaam hadi China ili akaione Ufaransa ya mita 108, kwa maoni yangu, ni kumchosha bure.

Bi_Mwanaidi (Unguja)

Mwanangu, mimi nimekwenda Guangzhou mara nyingi kwa biashara, na mara mbili kwa kutembea, kwa hiyo nisikilize. Kwanza tarehe zako si nzuri. Yale maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika tangu mwaka 1957 huanza tarehe 15 Oktoba na kuendelea hadi mapema Novemba, na katika majuma hayo bei za hoteli hupanda na vyumba huwa vya shida. Ukizirudisha nyuma ukasema utakwenda mwanzoni mwa Oktoba, utaangukia likizo yao ya taifa, na China nzima itakuwa njiani pamoja nawe. Nenda kuanzia katikati ya Novemba, wakati joto limepungua, mvua zimekatika na msimu wa tufani umepita.

Pili, chagua hoteli karibu na Xiaobei. Hapo wako Waafrika, Waarabu na Waislamu wa China, na chakula halali hakitafutwi. Hata mbali na hapo, angalieni kibao chenye maandishi 清真. Mara nyingi ni mkahawa mdogo wa watu wa kaskazini magharibi, na kijana wa jikoni huchukua donge la unga, akalivuta, akalikunja, akalivuta tena na kulipiga mezani, hadi likawa nyuzi za tambi mbele ya macho yako, kisha zikaingia kwenye mchuzi wa ng'ombe. Mama atapenda kutazama kabla hata ya kula.

Chai ya asubuhi ya Kikantoni msiikose, ila kaeni kwenye mkahawa wa Waislamu, kwa sababu kwingine nguruwe huingia hata ndani ya vitu ambavyo kwa nje vinaonekana ni kamba watupu. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo ahsante, wala huna haja ya kukatiza mazungumzo.

Tatu, thibitisheni kwamba hoteli inapokea wageni wa nje. Mimi niliwahi kufika saa tano usiku kwenye hoteli niliyokwishailipia, nikaambiwa hawapokei pasi za kigeni, nikakaa juu ya begi langu ukumbini mpaka mpwa wangu akanitafutia pengine. Kisha mpeleke mama soko la vitambaa la Zhongda kwa saa mbili, hata kama amestaafu. Utamwona atakavyokishika kitambaa.

Mhamiaji_Leicester (Uingereza)

Ninaongeza mambo matatu ambayo hayajatajwa. Ule utaratibu wa kupita China saa 240 bila viza hauhusu pasi za Afrika Mashariki, kwa hiyo mtahitaji viza kamili. Mkitaka kuchungulia Hong Kong kutoka Shenzhen, ombeni viza ya kuingia mara mbili, maana kwa hesabu za uhamiaji kuvuka kwenda Hong Kong ni kutoka China, na mwenye viza ya mara moja hataruhusiwa kurudi. Malipo nayo ni kwa simu karibu kila mahali: unganisheni kadi ya benki na Alipay, programu ya malipo ya simu, kabla ya kuondoka nyumbani, mkijua kwamba kwa kadi ya kigeni malipo yanayozidi yuan 200 huongezewa asilimia 3. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya huko, lakini kwa kawaida laini ya nyumbani iliyowashiwa huduma ya nje huifungua.

Mwana_wa_Kariakoo (Dar es Salaam)

Ninawashukuru nyote. Tumehamisha safari hadi tarehe 17 Novemba, na usiku wote sita tutalala Guangzhou karibu na Xiaobei, kwa sababu kufungasha na kuhamisha mizigo katikati ya safari kungemgharimu mama siku nzima. Shenzhen tutaiendea siku moja kwa treni ya kasi, ambayo kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini inachukua nusu saa na ushei. Tutatembea ukingoni mwa ghuba na kurudi usiku. Hong Kong tumeiacha.

Nilipomsomea mama majibu yenu, aliuliza jambo moja tu ambalo sikuweza kumjibu: je, katika hiyo chai ya asubuhi wanaweka sukari?

Bi_Mwanaidi (Unguja)

Hawaweki. Mwambie abebe yake mkobani, kama mimi.