Kwa nini wanyama wasihame tu joto likizidi?

BabaWaWawili:
Wakuu, binti yangu wa miaka 13 kaniweka kona. Amesoma kwamba dunia imepitia enzi za barafu na vipindi vya joto na viumbe wakabaki. Sasa anauliza, safari hii ubaya uko wapi? Si watahamia kwenye ubaridi? Nilimjibu ovyo, na akajua nimemjibu ovyo. Nisaidieni, nchi kavu na baharini pia.

MlinziWaViota:
Nusu ya jibu analo mwenyewe, maana wengi kweli wanahama. Samaki wanasogea kuelekea ncha za dunia, mimea na vipepeo wanapanda milima. Tatizo ni kasi. Dunia ilipotoka enzi ya barafu ya mwisho, joto lilipanda nyuzi chache kwa maelfu ya miaka. Sisi tumeongeza zaidi ya nyuzi 1 ndani ya miaka 150 hivi.

Halafu wapo wasio na pa kwenda. Mwambie habari za panya wa Bramble Cay, kisiwa kidogo cha mchanga kati ya Australia na Papua New Guinea. Hakuwahi kupatikana kwingine duniani. Bahari ikawa inakifunika kisiwa, majani aliyokula na kujificha humo yakafa. Alionekana mara ya mwisho 2009, na mwaka 2019 serikali ya Australia ikatangaza kwamba ametoweka.

Linaloniuma zaidi ni kasa, kwa sababu nimejitolea misimu mitatu kulinda viota vyao. Jike hurudi kutaga eneo lilelile alikozaliwa, na huchukua miaka mingi mno kukomaa, hivyo si mwepesi wa kubadili ufuo. Na yai likitagwa, jinsia bado haijaamuliwa. Inaamuliwa na joto la mchanga. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka madume na majike. Mchanga ukizidi kuwa moto hutoka majike watupu, na ukizidi tena mayai yanafia humohumo. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba kati ya kasa wachanga wa kijani waliotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef (miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia), asilimia 99 hivi ni majike. Zamani nilikuwa nikihesabu maganda asubuhi kwa furaha. Siku hizi nahesabu huku nikijiuliza kama humo kulikuwa na dume hata mmoja.

Mzamiaji:
Niongeze matumbawe. Tumbawe ni mnyama, lakini amejishikiza mwambani, na chakula chake kingi anapewa na mwani unaoishi ndani ya mwili wake. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, wiki kadhaa mfululizo, anautoa mwani huo na kupauka. Hapo bado yu hai, ila ana njaa. Maji yakipoa mapema hupona. Sasa tazama Great Barrier Reef ilivyopauka kwa upana: 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022, 2024. Apone saa ngapi? Na takriban robo ya spishi za baharini hutegemea matumbawe.

BabaWaWawili:
Nimemsomea yote. Anauliza, haiwezekani viota vyote viwekewe kivuli?

MlinziWaViota:
Tulijaribu. Kivuli kinasaidia, mchanga unapoa kweli. Lakini msimu uliopita tulifunika viota 40, na ufuo mmoja ulikuwa na zaidi ya 300.