Ripoti ya TJRC (Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya) imelala wapi mpaka leo?

binti_wa_kaskazini: Jameni naomba kuelimishwa. Babu yangu ni manusura wa mauaji ya Wagalla, Wajir, 1984, tume ya ukweli ilipokuja Wajir 2011 akaenda akaandikisha taarifa. Sasa kila nikirudi nyumbani swali ni lile lile, wewe si uko Nairobi na una simu, hebu angalia ile fidia ilifika wapi. Bunge liliipitisha ile ripoti ama? Na zile bilioni kumi za fidia alizoahidi Uhuru Kenyatta akiwa rais je?

Mzee_wa_Hansard: Pole kwa babu. Haikupitishwa. Ripoti alikabidhiwa Uhuru Mei 2013, na mwaka huo huo wabunge wakabadilisha sheria ya tume ikawa lazima Bunge la Taifa liijadili kwanza ndio itekelezwe, basi ikakwama hapo. Ile sura ya ardhi ndiyo iliwatoa watu jasho, mpaka makamishna watatu wa kigeni wakakataa kuitia sahihi wakisema imechezewa kwa shinikizo la Ikulu. Zile bilioni 10 alizitangaza Machi 2015 akihutubia Bunge, siku aliyoomba msamaha kwa niaba ya serikali, zitolewe kwa miaka mitatu. Kanuni za kuzigawa zikabaki rasimu.

kipara_nakuru: Hizi tume ni za kupoza watu tu. Mwenyekiti wenyewe Kiplagat alikuwa katibu mkuu wa wizara enzi hizo na alikuwa kwenye kikao cha usalama Wajir siku chache kabla ya mauaji, yeye alikana kuhusika sawa, lakini utakuwaje shahidi na refa kwa wakati mmoja?? Betty Murungi aliyekuwa naibu wake aliona aondoke zake 2010. Sisi wa vurugu za uchaguzi za 2008 angalau tuliona ile elfu kumi ya kuanzia maisha, wa kaskazini hata nauli hakuna.

mpemba_asilia: Nyie mna ripoti ya kugombania. Sisi Pemba Januari 2001 tulipigwa risasi, ukaja Muafaka wa CCM na CUF, ikaja tume ya Mbita ya kuchunguza, waliofyatua hatujasikia wamepandishwa kizimbani.

binti_wa_kaskazini: @kipara_nakuru naelewa hasira zako lakini babu pesa haimsumbui sana. Walivuliwa nguo wakalazwa kifudifudi pale uwanja wa ndege, jua la Februari la Wajir mnalijua, siku kadhaa bila maji, waliojaribu kukimbia wakapigwa risasi. Kinachomkera ni ile 57. Serikali ilisema waliokufa ni 57, tume ikasema karibu elfu moja, wazee wa kwetu wanasema ni zaidi sana. Anasema yeye peke yake anaweza kuwataja 57 na asimalize ukoo mmoja.

Mzee_wa_Hansard: Basi hilo liandikeni. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, si lazima awe na wakili. Ombeni mawili tu, ripoti ijadiliwe na ile hesabu ya 57 ifutwe rasmi, mkichanganya mambo kumi mnawapa sababu ya kuzungushana. Tafuteni manusura wengine watie sahihi pamoja, na nambari za vitambulisho.

binti_wa_kaskazini: Ahsante sana mzee wangu. Nimempigia sasa hivi, anauliza kama kidole kinakubaliwa maana kalamu hajui.

Mzee_wa_Hansard: Kinakubaliwa.