Kyubiti mbili zikikubaliana, ajabu iko wapi?

Mdadisi: Wakuu habari zenu. Nimeanza kuchezea kompyuta ndogo ya kwantamu kwa mtandao, nikaweka geti ya Hadamard (inaichanganya 0 na 1 nusu kwa nusu) kwenye kyubiti ya kwanza, yaani biti ya kwantamu, halafu CNOT (geti inayogeuza ya pili pale ya kwanza ikiwa 1) kwenda ya pili, nikapima mara 1000, karibu zote ni 00 au 11 nusu kwa nusu. Nikafurahi kweli, sasa rafiki yangu ananiambia hamna kitu hapo, ni kama jozi ya viatu, ukikikuta cha kushoto tayari unajua kule kwingine kuna cha kulia. Nimekosa jibu. Nimwonyeshe nini?

Pembe45: Kwa hapo ulipofika rafiki yako yuko sahihi mkuu, ukipima kwa namna moja tu hata viatu vinatoa majibu hayohayo. Ajabu inatokea ukibadilisha pembe za kupimia, ndo alichokiona mwanafizikia John Bell 1964. Cheza mchezo wa CHSH: refa anampa kila mchezaji 0 au 1 kwa bahati nasibu, kila mmoja anajibu 0 au 1 bila kuongea na mwenzie, wanashinda majibu yakifanana, ila wote wakipewa 1 lazima yatofautiane. Wapange njama yoyote kabla, hawavuki 75%. Wakigawana kyubiti zako mbili, kila mmoja yake, wanafika kama 85%. Wa kwanza akipewa 0 anapima kawaida, akipewa 1 anaweka Hadamard kwanza. Wa pili anazungusha yake kwa RY (geti ya kubadilisha pembe) kabla ya kupima, hasi digrii 45 akipewa 0, chanya 45 akipewa 1. Basi.

Kelele: Mashine halisi haitakupa 85 kamili, kuna makosa hasa kwenye kusoma majibu, usikate tamaa. Na uwe mkweli kwake, kyubiti zako ziko chipu moja, mtu mbishi anaweza kusema zimenong'onezana na hapo huna cha kumjibu, mwanya huo watafiti wa Delft, Uholanzi, waliuziba 2015 kwa kuziweka mbali kilomita 1.3. Halafu tafadhali usimwambie zinatumiana meseji! Angalia kyubiti moja peke yake, ni 50/50 daima, hata mwenzie apimwe vipi.

Mdadisi: Asanteni sana, nimepata 81%. Jamaa hakuamini, akachukua karatasi, bila kyubiti kila mchezaji ana mbinu 4 (atajibu nini akipewa 0, na nini akipewa 1) kwa hiyo jumla ni 16, tumezipitia moja moja na hakuna hata moja iliyoshinda jozi zote nne za maswali (00, 01, 10, 11), mwisho ni matatu.