Dkt. Dillon aliyekaa tembe la Kwihara: nani anamfahamu?

MtembezaWageni_TBR
Mwangaluka wana Tabora, na wazee shikamooni. Huwa natembeza wageni kwenye tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale karibu na Tabora waliyokaa Livingstone na Stanley. Juzi mmoja kaniuliza habari za daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Dillon, aliyelala humo mwaka 1873. Alikuwa nani, na aliishia wapi?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nafurahi kuna mtu amemuulizia huyu.

William Dillon alikuwa daktari kijana wa wanamaji na rafiki wa Luteni Verney Lovett Cameron, naye mwanamaji. Cameron alitumwa na Chama cha Kijiografia cha Kifalme ampelekee Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, msaada, Dillon akafuatana naye. Mwenzao Robert Moffat alikufa kwa homa kabla hawajafika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Agosti 1873 wakaingia Kwihara. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa vitani na Waarabu, wapagazi wanatoroka, na hao Wazungu homa inawashika, inawaachia, inawarudia. Macho yakawauma hadi wakawa karibu vipofu. Hebu fikiria, daktari haoni hata dawa zake!

Oktoba akafika Chuma, mtumishi wa Livingstone, na barua iliyoandikwa na mwenzake Jacob Wainwright: Livingstone amekufa, mwili unakuja. Cameron akashika njia ya Ujiji. Dillon, tumbo limemmaliza nguvu, akakubali kurudi pwani na msafara wa maiti.

Hakufika. Novemba, pale Kasekera, homa ilimpanda kichwani akajipiga risasi.

Mwanga_Ziwani
Kasekera? Huku Kigoma tuna Kasekela, ndani ya Gombe. Ndiyo hiyo? Na mbona alijiua, alikata tamaa?

Mwalimu Mstaafu
Siyo hiyo. Kasekera ninayosema ni ya njia ya Bagamoyo, mashariki ya Kwihara. Na tusimhukumu: mtu anaweweseka kwa homa, huwezi kusema ameamua.

Hapo hapo Kasekera wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Watumishi wa Livingstone, kina Susi na Chuma, wakaufunga mwili wa Livingstone upya kama mtumba wa nguo, wakatengeneza maiti ya uongo, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe. Aprili 1874 Livingstone akazikwa London kwa heshima zote. Dillon alibaki huku kwetu, na pale kwenye tembe hatajwi. Hilo linaniuma.

MtembezaWageni_TBR
Ahsante sana Mwalimu. Jumamosi nina wanafunzi wa sekondari, nitawasimulia habari zake kabla hata ya habari za Stanley, yule mwandishi aliyemtafuta Livingstone. Ukipata nafasi, njoo uwaelezee mwenyewe hiyo ya mtumba.