Mrejesho: Mtoto wetu sasa ni wetu kisheria

Mwaka jana niliwauliza jinsi mimi na mume wangu, hapa Kisumu, tungeweza kuasili mtoto. Mlinielekeza kwa shirika la uasili lililosajiliwa. Wiki iliyopita Mahakama Kuu ilitoa amri. Asanteni sana, ndugu zangu.

Sheria hutaka mtoto akae nawe miezi 3 mfululizo kabla ya kupeleka ombi mahakamani. Ndipo nilipojua thamani ya watu. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja kwetu Nyalenda kwa bodaboda, mvua ikinyesha, akaketi sakafuni kucheza na mtoto kabla hajauliza swali lolote. Na yule mama wa makao ya watoto! Alitupa daftari: wimbo unaomlaza, uji anaoupenda, upande anaolalia. Alilia akimkabidhi, nami nikalia naye. Huyo ni mama yake pia, na mwanangu atamjua.

Kwa aliyetaka kujua kama shemeji yake Mholanzi anaweza kuasili mtoto hapa Kenya: wageni kuasili watoto wa Kenya kulisimamishwa Novemba 2014, kwa hivyo aanze kwa wakili.

Jumamosi tunampeleka Dunga, ufukoni mwa ziwa, akaone mashua.