Uvimbe wa jicho la mwanangu ni rabdomiosakoma: kwa nini wasiukate wote mara moja?

Mama wa Tanga
Ndugu zangu, naombeni msaada. Mwanangu ana miaka mitano. Kope lake la juu, jicho la kulia, lilianza kushuka kidogo tukadhani ameumwa na mdudu, na zahanati tukapewa dawa ya matone mara mbili. Ndani ya wiki tatu jicho likawa limesukumwa nje na kuinama chini, hata akilala halifumbi. Sasa kimechukuliwa kipande cha uvimbe, na majibu yanasema ni saratani iitwayo rabdomiosakoma, ya aina ya embrioni, haijasambaa. Mama mkwe anauliza kwa nini wasiukate wote badala ya kumtundikia mtoto dripu za dawa za saratani kwa miezi, nami sina la kumjibu.

Muuguzi, wodi ya saratani za watoto
Pole sana, mama. Saratani hii hutokana na chembe changa zenye asili ya misuli, nayo hukua kwa kasi, ndiyo maana wiki tatu zilitosha kulisukuma jicho. Kuukata wote katika tundu la jicho mara nyingi kungemaanisha kuling'oa jicho lenyewe, na bado zingeweza kubaki chembe zisizoonekana. Dawa huzifuata popote zilipo mwilini. Kwa kawaida hutumika vinkristini, daktinomaisini na saiklofosfamaidi, kisha mionzi huelekezwa pale uvimbe ulipokuwa. Shikilia sana hayo maneno mawili ya kwenye majibu, "embrioni" na "haijasambaa", kwa sababu uvimbe wa namna hiyo ukiwa kwenye tundu la jicho, watoto zaidi ya tisa katika kumi hupona wakipata tiba kamili. Ipo aina nyingine, ya alveola, ambayo ni kali zaidi na huhitaji tiba nzito kuliko hii.

Vinkristini hufunga choo na wakati mwingine hulegeza nyayo, hivyo ukimwona anajikwaa au anaburuta vidole, sema. Joto likifika nyuzi 38 usisubiri asubuhi wala usimpe panado nyumbani, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, kwani kinga yake itakuwa chini.

Baba wa binti
Dada, mimi nimepita njia hiyo. Baada ya dozi ya pili jicho la binti yangu lilirudi mahali pake, akaanza kucheza rede na wenzake, na nyumbani wakasema amepona, fedha za nauli zitumike kwa mengine. Nilikaribia kukubali. Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, ilionyesha kipande cha uvimbe bado kipo nyuma ya jicho, mahali ambapo hakuna kidole ambacho kingekigusa. Tukaendelea hadi mwisho, na mionzi juu yake. Baadaye alipata mtoto wa jicho kwa sababu ya mionzi, akafanyiwa upasuaji, na leo anasoma ubaoni akiwa dawati la nyuma.

Mama wa Tanga
Ahsanteni sana. Dozi ya kwanza ni Jumatatu. Nitamsomea mama mkwe haya yote leo jioni, hasa hilo la picha ya MRI.